Mkono wa mjeledi: namna ya kumfundisha mrushaji wa softiboli

Kabla ya kumpa mtoto mpira, mpeleke kwanza akamtazame mama anayeanika nguo. Mama anashika kitenge kilicholowa kwa pembe mbili, anakishusha kwa kasi, halafu mikono inasimama ghafla. Pah! Maji yanaruka hadi ukutani. Mikono ingeendelea kushuka pamoja na kitenge, kisingelia hata kidogo. Kinalia kwa sababu kilichokuwa kinakivuta kimesimama, na mwendo wote umekimbilia ncha.

Mkono wa mrushaji wa softiboli, mchezo unaofanana na besiboli ambao mpira hurushwa kwa mkono wa chini, ni hicho kitenge. Ndiyo maana somo langu la kwanza hapa Goma nalifanyia uani, chini ya kamba ya nguo, na majirani wamezoea kucheka.

Nitaeleza ninavyofundisha, pamoja na pale ninapokosea. Ninasema juu ya softiboli ya kurusha kwa kasi, ile ambayo mkono unazunguka duara zima na mpira unaachiwa chini, karibu na paja. Wanawake wakubwa hurusha kutoka mita 13.11. Mpira wao una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzito kati ya gramu 178 na 198. Mwaka 2012 Monica Abbott wa Marekani aliurusha kwa maili 77, yaani karibu kilomita 124 kwa saa. Waonyeshe watoto video yake, lakini wakisema "ana misuli", wakatalie. Misuli anayo, ila ukikaza misuli mahali pasipofaa kasi inakufa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa vibaya. Nilijifunzia mchezo huu Kampala nilipokuwa nasoma, na kocha wangu wa wakati ule, ambaye simtaji, alitufundisha kusukuma mpira chini kwa kiganja, kisha kumalizia kiwiko kikiwa juu mbele ya uso, kama mtu anayemsalimu rafiki kwa kiwiko. Nilifanya hivyo miaka miwili. Kasi haikupanda, na bega likaanza kuuma kwa mbele, hadi nikashindwa kuinua bidoni ya maji. Baadaye nikaanza kutazama video za warushaji wakubwa, nikiisimamisha picha moja baada ya nyingine. Kati ya wote niliowatazama, sikumwona hata mmoja aliyerusha hivyo wakati mechi inaendelea. Wengine walikuwa wakifundisha vile kwa mdomo, lakini mikono yao ilifanya kitu kingine kabisa!

Hatua ya 1: Ondoa saa, weka ziwa na mlima

Miongozo mingi ya kigeni hutaja mahali pa mkono kwa uso wa saa. Nilijaribu mara moja tu. Nilisema "mkono uko saa tisa", nusu ya watoto wakauelekeza kwenye namba 9, nusu nyingine wakaupeleka kwenye namba 3, kwa sababu saa tisa yao ni ile ya alasiri mshale ukiwa kwenye 3. Walikuwa na haki.

Sasa namsimamisha mrushaji akilielekea Ziwa Kivu, volkano ya Nyiragongo ikiwa mgongoni. Mdakaji yuko upande wa ziwa. Mkono una vituo vinne: Ziwa (mbele), Mbingu (juu), Mlima (nyuma), Paja (chini). Unakwenda kwa mpangilio huo huo, Ziwa, Mbingu, Mlima, Paja, na mpira unatoka kwenye Paja. Aliyeko mji mwingine atafute alama zake.

Anapopiga hatua, mwili unafunguka. Anayerusha kwa mkono wa kulia, kifua chake kinageukia upande wa kulia wa mstari wa kurushia. Wa kushoto, geuza kila kitu.

Hatua ya 2: Kiganja kinatazama wapi

Hapa nenda polepole, kwa sababu makosa karibu yote ninayoyaona huzaliwa hapa.

Mkono ukiwa Mbingu, kiganja kinatazama kule kifua kinakotazama. Ukifika Mlima, kiganja kinatazama juu, mpira umekaa juu yake kama sinia la vikombe vya chai. Kiwiko kimelegea na kimekunjika kidogo. Kosa la zamani, lile nililofundishwa mimi, ni kufika Mlima mkono ukiwa juu ya mpira, kiganja kikitazama ardhi. Ukifika hivyo huna njia nyingine isipokuwa kusukuma.

Zoezi: asimame kiubavu, mkono Mlimani, mpira juu ya kiganja, vidole vikiwa wazi bila kuubana. Namwambia asubiri hivyo wakati nahesabu hadi kumi. Mpira ukianguka, sawa, aokote. Nataka azoee kwamba mpira unabebwa kwenye kituo hiki, haushikiliwi kama mwizi wa simu.

Hatua ya 3: Soksi

Chukua soksi ndefu ya mpira wa miguu, tia mpira ndani, funga fundo juu yake. Mtoto ashike ncha nyingine na azungushe vituo vyote vinne, polepole kwanza. Mkono uliolegea unaifanya soksi inyooke muda wote na mpira kufuata nyuma ya kiganja. Mkono uliokakamaa unaifanya soksi ivunjike njiani, mpira unayumba na kumpiga kiunoni. Huhitaji kusema neno, soksi inasema. Dakika tano zinatosha, na waambie wenzake wasimame mbali.

Hatua ya 4: Majivu

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na gharama yake ni majivu ya jikoni tu.

Mkono unaposhuka kutoka Mlima, kiwiko ndicho kinachotangulia kurudi mwilini, kiganja kinabaki nyuma. Sehemu ya juu ya mkono inakuja kujibana kwenye mbavu, na upande wa ndani wa kigasha (mkono kutoka kiwiko hadi kifundo), chini kidogo ya kiwiko, unapangusa nyonga. Mpanguso huo ndio mikono ya yule mama inaposimama. Mkono wa juu unapunguza mwendo, kigasha kinaruka mbele, kinajigeuza kuelekea ndani, na kifundo kinafuata chenyewe. Mpira umeshatoka.

Sasa, mtoto hawezi kuona nyonga yake wakati anarusha. Kwa hiyo namvika suruali nyeusi na kumpaka majivu ndani ya kigasha. Anasimama kiubavu, mita tatu kutoka ukutani, anaanzia Mlima na kiganja juu, anarusha. Kisha tunasoma suruali. Hakuna alama: mkono umepita mbali na mwili, na mpira pengine umekwenda kulia. Alama nene iliyosambaa: amejigonga, atapata jeraha na atauchukia mchezo. Alama nyembamba kama ya kidole kimoja, pembeni ya nyonga: hapo hapo, usimguse.

Nina binti mmoja wa miaka 13, mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, karibu na bandari ya Kituku. Ana nguvu; anapandisha bidoni ya lita 20 kutoka ziwani bila kupumzika. Lakini nguvu hiyo ilikuwa ndiyo adui. Majuma matatu suruali yake ilibaki safi, kwa sababu aliunyoosha mkono kama mpini wa jembe na kuusukuma hadi mwisho. Nilimweleza kwa maneno mengi, mengi mno. Siku moja alikuja amechoka, alikuwa ameteka maji tangu alfajiri. Akarusha ovyo, kama mtu asiyejali. Ukuta ukalia. Alitazama suruali, akaona kamstari ka kijivu, akaniambia, "Kocha, mimi sijafanya kitu. Mkono umeanguka wenyewe."

Tangu siku hiyo nimeacha neno "nguvu" katika zoezi hili. Nasema "angusha". Na nimeacha pia yale mazoezi ya kukunja kifundo cha mkono mara mia moja kabla ya mazoezi. Yanamfundisha mtoto kwamba kasi inatengenezwa kwenye kifundo, wakati kifundo kinapokea tu.

Rudia hatua hii siku nyingi kabla ya kuongeza nyingine. Mita tatu, kisha tano, kisha saba, bila miguu.

Hatua ya 5: Mguu wa mbele na chukudu

Kila mtu wa Goma ameliona chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, limebeba magunia ya makala (makaa) likishuka mteremko. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, chukudu linasimama lakini makala hayasimami. Yanaruka mbele ya dereva. Mguu wa mbele wa mrushaji ni lile jiwe.

Anasukuma kwa mguu wa nyuma kutoka kwenye kibao anachosimamia mrushaji, anapiga hatua ndefu kuelekea mdakaji, na mguu wa mbele unatua wakati mkono umeshapita Mbingu na unaelekea Mlima. Unyayo uwe umegeuka nusu, si kumwelekea mdakaji moja kwa moja. Goti linajikunja kidogo na kukaza, halizami. Kifua kinabaki wima. Mguu wa nyuma unafuata kwa kuburuta ncha ya kiatu ardhini.

Mtoto anayeinama mbele ni chukudu lisilo na jiwe: mzigo wote unaendelea kuteleza na hakuna kinachorushwa. Isitoshe, akiinama, nyonga inaondoka mahali pake na kigasha hakipati pa kupangusa. Kwa hiyo ukiona majivu yamepotea baada ya kuongeza miguu, usirudi kumsumbua mkono. Tazama kifua.

Jambo la kiwanja: ardhi yetu ni mawe ya volkano, na mguu ukitua juu ya changarawe nyeusi unateleza. Tandika kipande cha zulia kuukuu au gunia lililogongewa vigingi, mahali pa kutua na mahali pa kuburuta.

Hatua ya 6: Duara zima

Unganisha. Anza na mita saba, kwa nusu ya kasi. Kipimo changu si kama mpira umeingia kwenye glavu, kwa sababu majuma ya kwanza utakwenda kila mahali, hata juu ya mabati ya jirani. Kipimo ni alama ya majivu na mlio. Mpira ukitoka mapema unagonga ardhi, ukichelewa unapanda au hata unamtoroka mdakaji juu ya kichwa, kutegemea mkono umejigeuza kiasi gani. Ndiyo maana sitoi hukumu kwa kurusha mara moja. Natazama mara kumi.

Baada ya kuachia, mkono uachwe uende. Unajikunja wenyewe na kuvuka mbele ya mwili, vidole vimelegea. Mtoto akikuuliza aumalizie wapi, mwambie popote unapochoka. Ukimwona anaupandisha kwa makusudi hadi sikioni, rudi kwenye majivu.

Simu kama mwalimu wa pili

Umeme ukiwepo, chaji simu na upige video ya mwendo wa polepole. Simama upande ambao kifua chake kinafungukia. Unatafuta picha mbili tu: mkono ukiwa Mlima (kiganja kinaiona mbingu?) na muda mfupi kabla ya Paja (kiwiko kimetangulia, mpira uko nyuma yake?). Nyingine achana nazo. Niliwahi kumwonyesha mtoto makosa tisa kwa video moja, na kesho yake hakuja.

Bega

Kuna maneno yanayozunguka kwamba kurusha kwa chini hakuumizi, kwa hiyo msichana anaweza kurusha siku nzima. Si kweli. Duara hilo linavuta sana bega kwa mbele, hasa kano ya msuli wa mbele wa mkono inapopita begani. Watu hunitajia Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 kwa siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kuchukua dhahabu. Ni kweli alirusha. Lakini alikuwa mtu mzima, mwenye miaka mingi ya maandalizi, na zilikuwa mechi za mwisho za Olimpiki.

Mimi huhesabu kwa kokoto. Mtoto anaanza na kokoto 40 mfukoni, kila akirusha kwa kasi kamili anatupa moja. Zikiisha, amemaliza, hata kama mkono "umewaka". Akisema bega linauma kwa mbele, tunasimama siku hiyo hiyo, na tukianza tena tunaanzia Hatua ya 4, mita tatu.

Siku ambazo hali ya mji hairuhusu kwenda kiwanjani, hatua nne za kwanza zote zinaingia kwenye ua wa nyumba. Yule binti wa Kituku anafanya za kwake nyuma ya jiko, jioni, majivu yakiwa yamepoa. Mama yake alinilalamikia juzi: suruali zote za mtoto zina mstari upande mmoja, na sabuni imepanda bei.