Usimsome mtu kwa anachofanya, tafuta kinachomsukuma

Watu wengi wakisikia enneagramu, ule mfumo wa kugawa watu kwa aina 9 za tabia, kila aina na namba yake, wanakimbilia testi ya mtandaoni, wapewe namba, waiweke status, basi. Mimi naona hivo ni kuanzia mkiani, manake testi nyingi zinauliza unafanya nini na hii kitu inataka kujua unafanya kwa nini. Zile aina 9 zilitoka kwa Oscar Ichazo, mzaliwa wa Bolivia aliekuwa akifundisha Arica kule Chile, daktari wa akili Claudio Naranjo akaenda kusoma kwake mwaka 1970, alafu Naranjo akaenda kuzifundisha Berkeley, Marekani. Ushahidi wa kisayansi bado ni mdogo, kwa hivo itumie kujiuliza maswali, usiitumie kumhukumu mtu.

Sasa twende kwenye shughuli ya harusi hapa Majengo. Kuna kina mama watatu wamekesha, wanachambua mchele, wanakata vitunguu, hawajakaa chini tangu magharibi. Ukiwatizama wote utasema ni wachapakazi, yameisha. Lakini wa kwanza anakesha kwa sababu anataka ahitajike, moyoni anaogopa asipokuwa na faida kwa watu hatapendwa, huyo ni namba 2. Wa pili hawezi kulala na kitu kimefanywa ovyo, anaogopa kuwa mtu mbaya, mtu wa kulaumiwa, namba 1. Wa tatu anataka kesho isemwe shughuli ilifana na yeye ndo alieisimamia, anaogopa bila ushindi yeye si kitu, namba 3. Kazi ni moja, hofu ni tatu.

Ukitaka kuwatofautisha ngoja presha iingie. Tuseme nyama imekwama ng'ambo, foleni ya feri Likoni haisongi na wageni washaanza kuja. Kwenye enneagramu kila namba ikibanwa huwa inachukua tabia mbaya za namba nyingine. Yule 2 mpole anageuka kama 8, anafoka, anaanza kuhesabu kila alichowafanyia, "na bado hamnioni!" Yule 1 mwenye msimamo anaingia upande wa 4, ananuna, anajitenga chumbani akiamini hakuna anaemuelewa. Na 3 anapoa kama 9, unamkuta kwenye kiti anaskroli simu wala hajali tena. Hapa ndo watu hukosea, wanasema fulani ameonyesha rangi yake halisi, kumbe ameonyesha mahali panapomuuma.

Kwako mwenyewe fanya hivi: kumbuka mara ya mwisho ulipokasirika ukapitiliza, ujiulize ningekosa nilichotaka ingekuwaje, ukipata jibu uliza tena, na tena, mpaka ufike kwenye hofu. Ukikuta ni kubaki bila pa kuegemea wala wa kukushika mkono, tizama 6. Kutawaliwa na mtu, 8. Kugombana na kuachana na watu, 9. Kuonekana hujui wala huwezi, 5. Kukwama kwenye maumivu bila pa kutokea, 7. Kuwa mtu wa kawaida tu asie na chake, 4. Usiharakishe, na jibu likikupendeza sana litilie shaka, kwa kawaida lile la kweli linatia aibu kidogo.

Kwa wenzio usitaje namba, wallahi hakuna linaloudhi kama kuambiwa "wewe ni 1 ndo maana". Jibu ile hofu yake tu. Yule alieanza kufoka mwambie, "Dada, umekula? Kaa, leo nakupakulia mimi," na umaanishe. Yule alienuna usimwambie ni kitu kidogo, mwambie alivyofanya ndivyo inavyotakiwa, kilichobaki awaachie fulani na fulani, uwataje. Yule wa simu usimsifu kazi yake saa hio, sifa itamrudisha kule kule kwenye mashindano, kaa karibu yake muongee mambo mengine kabisa mpaka nyama ivuke.