Unataka kuigeuza spoti yako kongwe iwe stritifaita? Anza na usukani, makava baadae

Kulla mwenye pikipiki ya spoti ya zamani hapa Unguja kilio chake kimoja tu, makava yale ya plastiki. Pikipiki ikilala mara moja kwenye mchanga barabara ya Paje upande mzima unapasuka, na ukiuliza bei ya kava la kuagiza unaona bora utafute pikipiki nyengine. Basi hii stritifaita, yaani spoti iliovuliwa makava ikaekwa usukani wa juu, kule Uingereza ilianza hivi hivi, miaka ya 1980 kwenda 1990, vijana wanaanguka na Suzuki GSX-R zao, makava ghali, wakayatupa wakaeka usukani wa juu na taa mbili za duara wakaendelea na safari zao. Viwanda vikanusa biashara, Triumph mwaka 1997 wakatoa Speed Triple T509 iko uchi na taa zake mbili mbele, Ducati mwaka 2009 wao wakaipa kabisa jina la Streetfighter. Kwaiyo usione aibu kuvua makava, mambo yalianzia hapo.

Ila ukivua makava ukaishia hapo unabaki na spoti ya uchi yenye kukuumiza mgongo na viganja vilevile. Kazi iko kwenye usukani na kila kitu kinachoshikana nao, paipu ya breki, waya wa klachi, waya wa resi, swichi, wayaringi. Ukiimaliza hiyo vizuri yaliobaki ni urembo tu, ukiivuruga hata rangi ya laki ngapi haikusaidii siku breki imekataa pale Darajani mbele ya watu.

Pikipiki gani? Kama hujanunua bado mie nngekwambia tafuta ya kabureta, Yamaha R1 za 1998 mpaka 2001 au R6 za 1999 mpaka 2002, Honda CBR600F za miaka ya 1990, sio kwa kuwa za injeksheni mbaya, ila kabureta fundi yeyote wa mtaani anaifungua, na ukigusa waya usiofaa hupotezi kompyuta. Ukibahatika kupata GSX-R kongwe za mwanzo, zile zinazopozwa kwa oili, ndo raha yenyewe maana haina rejeta la maji wala mipira ya kuficha, ukivua kava unaiona injini tupu na inapendeza. Na kabla hujashika spana hakikisha inawaka, inachaji, gia zote zinaingia. Angalia na tairi, pembeni kuna tarakimu nne baada ya herufi DOT, mbili za mwanzo wiki mbili za mwisho mwaka, 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014, hiyo toa hata kama meno yamejaa, mpira umeshakuwa mgumu na masika utakutelezesha.

Haya, usukani. Spoti ina vile vipini viwili kila kimoja kimebanwa kwenye shokapu yake ya mbele, vitoe. Unataka bomba moja lililonyooka au lenye kunyanyuka kidogo, na sasa litabanwa wapi? Juu ya kile kipande cha alumini kinachokamata shokapu mbili kwa juu. Hapa ndo watu wanaharibu, wanachukua drili wanatoboa tu. Vipande vingi vya hivyo chini vina matundu na mbavu, havikujaa, ukitoboa penye ukuta mwembamba siku moja usukani unabaki nao mkononi. Kipindue kwanza ukitizame chini, kama hakuna sehemu nene na bapa ya kukaa boliti na washa pana achana nacho, agiza kipande kilichotengenezwa tayari kwa kazi hii, au tumia vile vipini vya kunyanyuka vinavyobana kwenye shokapu zenyewe. Bomba lina saizi mbili, la milimita 22 lote, na lile nene la 28.6 pale katikati linalobanwa halafu linapungua mpaka 22 kwenye mikono ili swichi ziingie, kwaiyo vibanio unavyonunua vilingane. Swichi kwa ndani zina kijipini, toboa bomba kitundu kidogo kijipini kikae, usikikate, maana ukikikata swichi inazunguka mkononi unapopiga resi.

Usijinyanyulie sana lakini. Usukani ukiwa juu uzito wako unarudi nyuma na mbele panakuwa pepesi, ukifungua resi gurudumu linacheza. Kiasi tu cha mgongo kupumua kinatosha, na bomba pana litakupa raha kwenye kona, kule Pemba njia ya zamani ya Chake kwenda Wete na mipindo yake utafurahi mwenyewe. Upepo utakupiga kifuani ukizidisha mwendo, na hilo zuri tu kwa barabara zetu.

Ukishafunga bomba nyanyua pikipiki gurudumu la mbele lining'inie shokapu zinyooke zote, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Vidole vyako vipite baina ya kipini na tangi, visipopita siku ya kukata kona ndogo utabanwa. Sasa chukua kamba pima urefu wa paipu ya breki ukiwa katika hali hiyo hiyo, sio pikipiki imekaa chini, maana ya zamani haitofika na kuivuta vuta ni kujiua. Agiza paipu zenye nyuzi za chuma kwa urefu uliopima, bandarini boti za Dar zipo kila siku, usikubali fundi akuungie paipu mbili kwa kibanio. Washa za shaba za kwenye viungo vya paipu eka mpya kila unapofungua. Mafuta ya breki ya DOT 4 fungua chupa mpya kwasababu hayo mafuta yananyonya maji kwenye hewa, na hewa yetu unaijua, chupa iliyokaa wazi tangu masika iliyopita mwaga. Yakidondokea kwenye rangi mimina maji hapo hapo, yanakula. Toa hewa ndani ya paipu mpaka breki iwe ngumu, halafu ibane kwa nguvu uishikilie hivyo huku unatizama kila kiungo kama kuna unyevu.

Waya wa klachi na wa resi vilevile. Washa injini iache silensa, yaani bila kugusa resi, zungusha usukani pande zote mbili, mlio ukipanda ujue waya wa resi umevutika, usitoke nayo barabarani mpaka upitishe njia nyengine au ununue mrefu.

Wayaringi sasa. Ukivua kava la mbele utakuta bonge la waya lililokuwa limefichwa na soketi zake na pengine boksi la fyuzi. Piga picha kila upande kwanza, kila soketi ibandike tepu iandike kazi yake. Usikate kitu, chomoa. Taa mpya ya mbele tengenezea mkono wake wa chuma imara, na bonge la waya lisogeze nyuma ya taa au chini ya tangi lisibanwe na usukani. Ukieka indiketa za LED zitapepesa haraka haraka mpaka ubadilishe flasha, kile kidude kinachozipepesa. Na rektifaya, ile inayorekebisha umeme wa kuchaji betri, ukiihamisha ieke penye upepo, ukipunguza taa yenyewe inazidi kupata moto, umeme uliobaki inaugeuza joto.

Rejeta likibaki wazi liekee wavu, kile kikopo cha maji yanayofurika kitafutie sehemu wala usikitupe, feni ijaribu kabla hujaingia foleni ya Mlandege. Tia kulanti, sio maji ya kisima, kisiwa chetu sehemu kubwa mawe ya chokaa na maji yake yanajaza ukoko ndani. Madigadi ya mbele iache hata kama unaona bila yake inapendeza, hiyo ndo inayolikinga rejeta na kokoto.

Mkia watu wanapenda kuuanza kwanza kwa sababu grenda inafurahisha, mie nasema uwe wa mwisho. Pitisha sumaku kwenye fremu inayobeba siti, ikinasa ni chuma, fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza, isiponasa ni alumini inataka gesi ya argoni, na yule anaetengeneza madirisha ya alumini sio fundi wa kuchomelea alumini, yeye anafunga kwa skrubu tu. Kabla ya kuchomelea toa tangi, chomoa betri na boksi la CDI, lile linalopeleka moto kwenye plagi. Kabla ya kukata fungua boliti ya shokapu ya nyuma ulinyanyue tairi mpaka juu uone litagusa wapi, hapo ndo utajua mkia uwe mfupi kiasi gani. Na kama mama watoto anapanda nyuma, muache siti yake, usilete ugomvi nyumbani.

Chumvi usiisahau. Makava yalikuwa yanaziba mengi, sasa upepo wa bahari unapiga kila soketi na kila boliti. Boliti za chuma zinazoingia kwenye alumini zipake grisi ya shaba la sivyo zinaganda, soketi tia grisi ya umeme, alumini uliyoisugua msasa ipake rangi. Ukitoka Nungwi au Kizimkazi oshea maji baridi, ila mpira wa presha usiuelekeze kwenye beringi.

Siku ya kwanza zunguka mtaani polepole rudi nyumbani, kaza tena vibanio vya usukani, kalipa za breki, ekseli na boliti za mkia. Na kama umebadilisha rangi, kadi ya pikipiki imeandikwa rangi ya zamani, kairekebishe kabla trafiki hajakuuliza.