SOMO: Kabla hujauliza bei ya sola, piga hesabu ya matumizi yako

Wakuu, nimeleta hili somo maana watu wengi wanaanza na "paneli bei gani" wakati paneli siku hizi ndo nafuu, pesa inamezwa na betri.

Hatua ya 1: Andika kila kifaa, wati zake mara masaa kinayowaka kwa siku. Mfano taa 6 za wati 9 masaa 5 ni wati-saa 270, tv ya wati 80 masaa 5 ni 400, friji ndogo weka 1,000. Jumla 1,670, ongeza kama asilimia 30 ya umeme unaopotea njiani, unafika kama 2,170. Gawa kwa masaa 5 ya jua kali, unahitaji paneli za wati 430 hivi.

Hatua ya 2: Betri, na hapa ndo watu wanalia. Tuseme usiku unatumia wati-saa 1,200. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwahiyo unanunua ya 2,400, ile ya 12V 200Ah (12 mara 200 ni 2,400). Lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila shida so 1,500 inatosha, bei yake iko juu ila inadumu miaka mingi zaidi, mi nashauri ujikaze uchukue hiyo.

Hatua ya 3: Weka kwenye hesabu inveta (inageuza umeme wa sola uwe wa kawaida wa nyumbani), chaji kontrola (inazuia betri isichajiwe kupita kiasi), waya, fyuzi na fundi. Usibane hela kwenye waya, waya mwembamba unachemka, nyumba inaungua!

Hatua ya 4: Ulizia nafuu KABLA ya kununua. Kuna msamaha wa kodi, ruzuku, mikopo ya riba ndogo, na kuuza umeme wa ziada gridi (mtandao wa umeme wa taifa). Mara nyingi wanaotoa nafuu hizo wanataka fundi mwenye leseni na kibali kabla ya kufunga, ukishafunga kienyeji ndo basi tena. Soma pia msamaha unagusa nini, unaweza kukuta paneli zimo betri hazimo.

MASWALI

Mkuu, nikiunga na gridi bila betri si naokoa hela nyingi?
– Unaokoa kweli, ila gridi ikikatika na sola yako inazima hata kama jua linawaka, inveta inafanya hivyo ili fundi aliyeko kwenye nguzo asipigwe shoti.

Paneli za mtumba vipi?
– Paneli nzima inapungua nguvu kidogo tu kwa mwaka, hata nusu asilimia hivi, so sio mbaya. Ipime juani kwa mita kwanza, yenye ufa achana nayo. Betri ya mtumba usiguse kabisa ndugu yangu.

Lipa kidogo kidogo je?
– Jumlisha malipo yote mpaka mwisho ndo ulinganishe na bei ya keshi, na uliza ukichelewa kulipa wanakuzimia au la.