Somo: Siku 30 bila kuhariri picha

Napiga picha za harusi Unguja, na kwa miaka mingi ulimi wangu ulizoea neno moja: "nitarekebisha kwenye kompyuta". Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa saa saba mchana, uso unatoka kama kivuli. Usiku nauangaza uso, ngozi inageuka jivu. Kilichonitoa hapo ni mwezi mmoja wa kujinyima kuhariri.

1. Piga JPEG pekee, yaani picha inayotoka kwenye kamera ikiwa tayari. Mpangilio wa rangi (white balance) uweke kwenye alama ya jua, usiuachie kamera ijichagulie, la sivyo hutajua wekundu ule ni wa magharibi au wa mashine. Hakuna kupunguza kingo baadaye.

2. Ijue mita ya kamera yako, yaani kipima nuru chake. Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo pakalie siku nyingi. Mita haijui kanzu wala buibui. Hukadiria kila kitu kuwa kijivu cha wastani. Kanzu ikijaa fremu, kamera hupunguza mwanga mpaka nguo iwe kijivu, na uso unazama nayo. Ongeza mwanga hadi +1 kwa kitufe cha +/–. Buibui jeusi likijaa fremu, fanya kinyume. Ukipima nuru kwenye shavu la mtu mweusi, punguza kidogo, maana kamera itataka kumpausha. Ngozi yetu ina rangi nzuri mno. Inaumiza kuiona imepauka kwa uzembe wa mpiga picha.

3. Kanzu na uso vikigombana juani, mhamishe mtu. Mkalishe barazani, kivulini, uso ukielekea kichochoroni. Ukuta wa pili uliopakwa chokaa ukipigwa na jua huirudisha nuru usoni, laini kabisa.

4. Kadiria kabla ya kutazama. Jua kali bila wingu: tundu la lenzi f/16, wepesi wa kuhisi nuru ISO 100, kasi ya shata 1/125 ya sekunde. Anzia hapo.

5. Fremu 36 kwa siku, kama mkanda mmoja wa filamu, na kioo cha kamera usikitazame mpaka jioni. Andika daftarini ulichotarajia, kisha linganisha. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga zaidi kwa nuru ya jua uani, na filamu ilikuwa ghali. Tazama mikono na vitambaa kwenye picha zake: kila kitu kimepangwa kabla ya shata.

Jioni wahi. Karibu na ikweta jua huzama haraka, na ile nuru ya dhahabu haikungoji umalize kupanga watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Tanga: Mwalimu, mimi nina simu tu. Nitaweza?
Jibu: Utaweza, ndugu yangu. Zima filta za urembo, na HDR (simu kuchanganya picha za mwanga tofauti kuwa moja) kama simu inaruhusu. Gusa uso kwenye kioo, kisha buruta alama ya jua ya mwanga juu au chini. Hiyo ndiyo +/– yako.

Kutoka Mombasa: Lakini JPEG si imeshahaririwa na kamera yenyewe?
Jibu: Kweli dada, kamera huipika. Ndiyo maana uchague mtindo mmoja wa kawaida ubaki nao siku zote 30, kama aliyenunua aina moja ya mkanda. Ukibadilisha kila siku, hutajua kosa ni la nani.

Kutoka Muscat: Nina harusi ya mteja katikati ya mwezi. Nayo nisihariri?
Jibu: Hapana, kaka. Kazi ya mtu piga RAW (faili ghafi ya kuhariri) pamoja na JPEG, umhudumie kama mlivyokubaliana. Ila ukifika nyumbani fungua JPEG kwanza, uhesabu ngapi ungempa kama zilivyo. Mimi mara ya kwanza nilipata 11 kati ya 400, zote za barazani.