Jinsi ya kuthibitisha kwamba seli imekufa kwa pairoptosisi

Mwanafunzi wa uzamili akiniletea picha ya makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) zilizovimba na kuniambia "dada, hii ni pairoptosisi", namjibu: umejuaje? Pairoptosisi ni kifo ambacho seli hutobolewa utando na kupasuka, ikimwaga vichochezi vya uvimbe, lakini seli huvimba kwa sababu nyingi. Mimi ni mteknolojia wa maabara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwazuia watu wasiandike kwenye ripoti kitu ambacho pleti yao (bamba la visima vidogo vya majaribio) haijasema.

Kwanza elewa unachokitafuta. Makrofaji ikikutana na LPS, kemikali ya ukuta wa bakteria, hujiandaa tu: hutengeneza zaidi NLRP3, protini inayohisi hatari, pamoja na IL-1β, protini ya kuchochea uvimbe, ikiwa bado changa isiyo na makali. Hapo hakuna kinachokufa. Ishara ya pili, mara nyingi potasiamu kuvuja kutoka ndani ya seli, ndiyo inayoifanya NLRP3 ijikusanye na ASC, protini ya kuunganisha, na kuamsha kaspasi-1, kimeng'enya cha kukata protini. Mkusanyiko wa namna hiyo ndio inflamasomu, na aliyetuonyesha kwa mara ya kwanza ni mtafiti Jürg Tschopp na wenzake kule Lausanne, Uswisi, mwaka 2002. Kaspasi-1 huikata IL-1β kutoka kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 31 hadi 17, halafu huikata na protini iitwayo gasdamini D. Kipande cha mbele cha gasdamini D hukimbilia kwenye utando wa seli, vingi hujipanga duara, na hapo hutoboka tundu la upana wa nanomita 21 hivi. Mkataji alijulikana mapema. Kilichokatwa tulikijua mwaka 2015, kutoka maabara ya Feng Shao pale Beijing na ya Vishva Dixit pale kampuni ya dawa ya Genentech. Kwa hiyo ushahidi unaoutaka ni gasdamini D iliyokatwa, na kifo kinachozuilika ukiizuia njia hiyo.

Haya, tuingie kazini. Tumia THP-1, seli za damu ya binadamu zinazooteshwa maabara, maana damu ya wachangiaji hutofautiana mno kwa anayeanza. Zipime maikoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara) kabla ya lolote. Seli zenye maikoplazma huwa zimeshachokozwa, na hutapata kontroli (seli za kulinganishia) iliyotulia. Zigeuze kuwa makrofaji kwa kemikali ya PMA nanogramu 100 kwa mililita usiku kucha, badilisha midia (majimaji ya kuoteshea seli), zipumzishe siku nzima. Wanaoruka hiyo siku ya mapumziko ndio wanaokuja kulalamika kwamba kontroli yao inatoa IL-1β.

Weka LPS mikrogramu 1 kwa mililita kwa saa tatu hadi nne. Kisha ondoa midia yenye seramu na uweke isiyo na seramu, kwa sababu seramu ina yake yenyewe ya LDH, kimeng'enya tutakachokipima kikimwagika kutoka kwenye seli, na itakuvurugia hesabu. Ongeza naijerisini mikromola 10, kemikali inayovujisha potasiamu ya seli. Huyeyushwa kwenye ethanoli, hivyo kisima cha kontroli nacho kipate ethanoli ileile, kiasi kilekile. Uwe na visima visivyoguswa, vya LPS peke yake, vya naijerisini peke yake, vya zote mbili, vya zote mbili vilivyotangulizwa MCC950, kizuizi cha NLRP3, mikromola 10 kwa nusu saa, na vya kuvunjwa kwa Triton, sabuni ya maabara, ili upate kiwango cha juu kabisa. Usipunguze hivyo kwa kubana vitendanishi. Kisima cha MCC950 ndicho kinachokuambia NLRP3 imehusika au la.

Baada ya kama nusu saa weka pleti chini ya hadubini. Seli huumuka kama andazi kwenye mafuta, utando unakuwa mwembamba na angavu, na kiini kinabaki cha duara katikati. Kwenye apoptosisi, kifo cha seli cha kimyakimya, ungeona seli inanywea na kukatika vipandevipande. Piga picha, lakini usiishie hapo.

Saa moja ikitimia, zungusha pleti kwenye sentrifuji kwa upole, vuta mikrolita 50 za juu bila kugusa chini. Upimaji wa LDH ni rangi nyekundu: soma nanomita 490, toa 680. LDH pima siku ileile, usiigandishe, maana hupoteza nguvu. Majimaji ya ELISA (kipimo cha kiasi cha protini kwa kingamwili) ya IL-1β yanaweza kusubiri kwenye friza. Kwa westani bloti, kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito, changanya majimaji ya juu na seli zilizobaki chini. Seli zilizopasuka zimeshamwaga mali zake, na ukibeba za chini tu utakosa ushahidi. Gasdamini D nzima iko karibu na kilodaltoni 53; unayoitafuta iko karibu na 30. Ukiona mstari wa 43, hiyo ni kaspasi-3, kimeng'enya cha apoptosisi, imekata mahali pengine na kuiharibu gasdamini D. Usiuhesabu kama ushindi.

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata wakubwa. IL-1β juu, LDH chini: jaribio limefeli? Hapana. IL-1β ni ndogo, hupita kwenye tundu. LDH ina kilodaltoni 140 hivi, na hutoka hasa utando ukipasuka, kazi ambayo mwaka 2021 ilionekana hufanywa na protini nyingine, NINJ1. Tundu na mpasuko ni hatua mbili. Ukitaka kuzitenganisha, weka glisini (asidi amino) milimola 5: LDH itashuka, IL-1β itaendelea kutoka.

Ukishaimudu naijerisini, hamia kwenye ugonjwa. Mimi hupenda jongo, kwa sababu kila mtu ana mjomba anayeshika kidole gumba cha mguu na kulia usiku. Fuwele za asidi ya yuriki ndizo ishara ya pili pale kwenye kiungo. Kundi la Tschopp lilionyesha hivyo mwaka 2006. Weka fuwele badala ya naijerisini, zipe saa sita au zaidi, na uhakikishe hazina LPS, la sivyo hutajua nani kafanya nini. Kisha jaribu kolchisini, dawa ya jongo ya tangu zamani: kwenye kazi ile ya 2006 ilizuia IL-1β iliyotokana na fuwele, lakini haikuzuia ile iliyotokana na ATP, ishara ya pili ya aina nyingine. Kwa hiyo kisima cha ATP kiwepo, kitakuonyesha kwamba kolchisini haijaiua tu inflamasomu yote.

Na bajeti ikibana, nunua MCC950 kwanza, kingamwili ya gasdamini D inayoona kipande kilichokatwa iwe ya pili. Kiti ya LDH ya bei kali iache. Ya kawaida inatosha.