Kabla ya Kupiga Dawa, Geuza Jani

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wakijazana kwenye ncha changa za mboga, mkono hukimbilia bomba la dawa. Ngoja kwanza. Geuza jani, utazame kama wapo wadudu wengine walioanza kuwashughulikia.

Mdudu kibibi aliyekomaa, yule wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, kila mtu anamjua. Taabu iko kwa mtoto wake. Buu wa kibibi ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana miguu sita na alama za rangi ya chungwa, utadhani mamba mdogo. Wengi humponda wakimdhania mharibifu, kumbe hula vidukari mamia kabla ya kukomaa. Ukikuta kifungu cha mayai ya manjano yaliyosimama wima chini ya jani, usikiguse.

Wapo pia nyigu wadogo mno, wasiouma watu. Jike hutaga yai ndani ya kidukari, buu akianguliwa humla kutoka ndani mpaka libaki ganda la kahawia lililovimba, limeng'ang'ania jani. Likiwa na tundu, nyigu mpya ameshatoka. Vivyo hivyo kiwavi wa kabichi aliyezungukwa na vifuko vidogo vya manjano vya nyigu: mwache hapo alipo, hatafika kuwa kipepeo.

Vunjajungu mimi simhesabu sana. Hula chochote, hata nyuki.

Dawa kali huua pande zote mbili, lakini mharibifu ndiye anayerudi upesi. Kidukari jike huzaa bila dume, na katika hali ya joto watoto wake nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Kibibi hawezi kwenda kasi hiyo. Huko California, kibibi aliyeletwa kutoka Australia mwaka 1888 aliiokoa michungwa dhidi ya wadudu gamba, wafyonzaji wengine wa utomvu. Miaka ya 1940 dawa kali ya DDT ilipopulizwa kwenye mashamba hayo, kibibi akafa na wadudu gamba wakafurika upya.

Nyigu na wale nzi wenye mistari wanaoelea juu ya maua huhitaji nekta wakishakomaa, na midomo yao ni mifupi. Basi acha mashina machache ya giligilani, bizari au shamari yachanue. Maua yake madogo yanawafaa. Kununua vibibi na kuwaachia bustanini hakusaidii sana, kwani wengi huruka wakaenda zao.

Tazama na sisimizi. Hufyonza utamu unaotoka kwa vidukari, na kwa ajili hiyo huwafukuza wanaowala. Kwenye mti, zungushia shina utepe wenye gundi.

Vidukari wakizidi, wapige kwa maji ya kawaida yenye nguvu, au maji ya sabuni jioni, pale tu walipo, ukiepuka mabuu. Rudi baada ya wiki. Maganda ya kahawia yakiwa yameongezeka, bomba libaki stoo.