Namna ya kuandika riwaya ya vita kupitia maisha ya wanawake: mfano wa Kalenga, 1894

Anayetaka kuandika riwaya ya kihistoria kuhusu wanawake waliopitia vita vya karne ya kumi na tisa hukutana mapema na tatizo moja: taarifa za kijeshi huwataja maofisa kwa majina, lakini wanawake huwaweka katika hesabu ya nyara, pamoja na ng'ombe na meno ya ndovu. Kazi ya kwanza ya mwandishi ni kumtoa mwanamke mmoja katika hesabu hiyo na kumpa jina, umri, shamba na watu wanaomtegemea. Nitaeleza kwa mfano wa vita vya Wahehe na Wajerumani.

Wengi huanzia Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, ambapo majeshi ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalikishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, naye Zelewski akauawa. Mimi nashauri uanzie nyumbani, siku chache kabla ya boma la Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, kutekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Isome tarehe hiyo kama mkulima wa Uhehe: kiangazi kinaisha, mvua zinakaribia, na chakula cha mwaka uliopita kimepungua kihengeni. Mwanamke anayekimbia wakati huo huacha nyuma mbegu za msimu ujao, kwa hiyo njaa yake itaonekana miezi kadhaa baada ya mizinga kunyamaza. Usiandike kwamba wanawake waliteseka sana kwa njaa. Andika kwamba alikung'uta kibuyu cha ulezi juu ya ungo, akapima viganja vitatu, akarudisha viwili, kisha akakifunga kibuyu kabla mtoto hajaamka.

Kwa sababu hiyo, tengeneza kalenda mbili na kuzisoma pamoja: moja ya vita na nyingine ya kilimo, mimba, unyago na misiba. Mahali zinapogongana ndipo sura za riwaya yako zilipo.

Upande wa vyanzo, ipo shajara ya Magdalene von Prince, mke wa Tom von Prince aliyejenga kituo cha Iringa mwaka 1896. Ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1903. Itumie kwa tahadhari, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa mke wa ofisa aliyekuwa akimsaka Mkwawa. Kila anapomtaja mwanamke wa Kihehe aliyefika kituoni, simama hapo ujiulize ni nani aliyemtuma, alilala wapi, na alimwacha nani nyumbani. Halafu nenda kwa mabibi wa Kalenga na vijiji vya jirani. Usiwaulize kuhusu vita, maana utasimuliwa habari za Mkwawa ambazo tayari unazijua. Waulize kwa nini ukoo ulihama, nani aliolewa mbali na bila mahari, na jina la mtoto fulani lilitokana na nini. Waeleze waziwazi kwamba unaandika hadithi ya kubuni, na jina la ukoo wao lisitumike bila ridhaa yao.

Suala la lugha linastahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko yote. Unaandika kwa Kiswahili, ilhali mhusika wako wa mwaka 1894 huenda hakijui. Kabla ya kutekwa, Kiswahili chako kinasimama badala ya Kihehe, basi kiwe laini na kikamilifu, na salamu kama "Kamwene" ibaki ilivyo. Mateka wa kike waligawiwa askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani, ambao baadhi yao walikuwa Wasudani, na humo nyumbani mwa askari Kiswahili kinamfikia mhusika kama lugha ya amri: njoo, beba, kaa. Hapo mazungumzo yake yakatike na kupungua, huku mawazo yake yakiendelea kwa sentensi ndefu kama zamani. Kwa tofauti hiyo tu msomaji atahisi kilichompata, bila wewe kukieleza. Nasisitiza pia kwamba nyumba ile isigeuzwe kuwa hadithi ya mapenzi. Na mhusika asinyimwe akili, kwa maana mwanamke aliyetekwa alipima kila siku lini anyamaze, lini apike vizuri, lini atoroke.

Miaka ya msako, 1896 hadi 1898, inakupa uamuzi mgumu zaidi. Mkwawa yuko porini, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, na anayempelekea chakula anahatarisha kaya nzima. Mpe mhusika wako mzigo wa unga usiku mmoja, na mpe sababu nzuri za kuupeleka na sababu nzuri za kutoupeleka.

Mwishoni, kishawishi ni kufunga riwaya kwa risasi ambayo Mkwawa alijiua nayo pale Mlambalasi, mwezi Julai 1898. Lakini msichana wa miaka 15 aliyetekwa Kalenga angekuwa na miaka 75 mwezi Juni 1954, Gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, fuvu lililoaminiwa kuwa la Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani. Mweke katika umati huo, akiwa na mjukuu anayemuuliza wale wazee wanalilia nini, kisha uamue kama atamjibu kwa Kihehe au kwa Kiswahili.